Kulea Sauti

Sauti ya gitaa huanza kufa pale pale inapozaliwa. Mpiga zumari huirefusha sauti yake kwa pumzi, mpiga fidla kwa upinde. Mpiga gitaa akishauachia uzi, karibu hana tena la kuongeza. Ndiyo maana ufundi wa gitaa la kiklasiki, pamoja na mazoezi yake ya miaka na miaka, umejengwa juu ya tendo dogo mno: namna kidole kinavyougusa uzi na namna kinavyouachia.

Mauro Giuliani, Mwitalia aliyejipatia sifa mjini Vienna, alilifanyia kazi jambo hilo kwa ukamilifu unaostahili heshima. Katika mazoezi yake 120 ya mkono wa kulia, yaliyochapishwa mwaka 1812, mkono wa kushoto hubadilishana makundi mawili tu ya nota (kodi), la C na la G7, tangu zoezi la kwanza hadi la mwisho. Kinachobadilika ni zamu ya vidole vya kulia: gumba, shahada, cha kati na cha pete. Mwenye pupa ataona ni adhabu. Mimi naona ni ukarimu wa mwalimu, kwani tuni imeondolewa makusudi ili mwanafunzi avisikie vidole vyake mwenyewe. Hapo hubainika kuwa cha pete kinachelewa, na gumba linawafunika wenzake.

Mwenda pole hajikwai, na kwenye gitaa methali hii ina sababu iliyo wazi. Vidole havichagui cha kukariri. Kosa likirudiwa kwa kasi, hulihifadhi kwa uaminifu ule ule wa kuhifadhi lililo sahihi. Basi mtu huzichukua zile nota chache zinazomkwaza, akazitenga na wimbo, akazipiga taratibu kiasi cha kusikia uzi unaokwaruza na kuhisi bega lililokaza. Pengine dawa ni kubadilisha kidole. Pengine ni kusogeza ncha yake karibu zaidi na kipande cha chuma shingoni, ili uzi ukubali bila kukandamizwa kwa nguvu. Kisha huziunganisha na zilizotangulia na zinazofuata, na kasi huongezwa mwisho.

Hata ukucha una darasa lake. Huchongwa kwa tupa na kulainishwa kwa msasa mwembamba, maana mkwaruzo usioonekana kwa jicho husikika. Mhispania Francisco Tárrega, miaka yake ya mwisho, aliacha kucha akapiga kwa nyama ya kidole. Andrés Segovia, aliyekuja baadaye, alishikilia ukucha na nyama pamoja. Walitofautiana njia, lakini wote wawili walikuwa wakiitafuta sauti iliyojaa.

Na Tárrega ndiye aliyetuachia utunzi wa Recuerdos de la Alhambra. Humo gumba hupita kwenye nyuzi nene, kisha cha pete, cha kati na cha shahada huugonga uzi mmoja kwa zamu, bila kukoma. Kila pigo hufifia, lakini linalofuata huwahi kabla ukimya haujaingia, na msikilizaji husikia sauti moja ndefu inayoimba. Uzuri huo hauji kwa wepesi wa vidole. Huja kwa usawa wao, na usawa hupatikana kwenye mazoezi ya polepole tu.

Nakipenda kipaji, lakini bidii hii naiheshimu zaidi, kwa kuwa haibagui. Segovia alipanda jukwaani hata baada ya kutimiza miaka 90, naye maisha yake yote alizitukuza skeli, nota zile zile zinazopanda na kushuka ambazo mwanafunzi mgeni hupewa siku za mwanzo. Gwiji hakupewa nota za siri. Alichowazidi wengine ni kuendelea kuzisikiliza, na mlango huo uko wazi kwa yeyote aliye tayari kuketi na gitaa lake leo, na kesho tena.