Kukiuliza Kitu Chenyewe

Usinge iko kwenye reli ya Tabora kwenda Kigoma, wilayani Kaliua, katika nchi ya miombo, asali na tumbaku. Siku ya soko, mteuzi wa tumbaku hatosheki na sura ya nje ya robota. Huchomoa majani ya ndani, huyapapasa, huyageuza kwenye mwanga, ndipo anapotamka daraja: jani limetoka sehemu gani ya mche, ubora wake ni upi, rangi yake ni ipi.

Ustadi huohuo ndio ninaousifu katika uandishi wa programu. Python, lugha iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, humwezesha mwandishi kukihoji kitu chenyewe wakati programu inaendelea kufanya kazi. Amri ya type() hutaja aina yake. dir() huorodhesha majina ya sifa zake, pamoja na zile kilizorithi kutoka kwenye darasa lake. vars() hufunua zile kinazozibeba chenyewe, kila moja na thamani yake.

Tuseme chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kimehamishia daftari lake kwenye kompyuta. Marobota mawili yana kilo 45 na 50, lakini jumla inatoka 4550. Mwenye pupa ataanza kufumua programu nzima. Mstadi huandika type(robota.uzito) na kujibiwa str: uzito uliingizwa kama maandishi, na maandishi yakijumlishwa huunganishwa tu, moja baada ya jingine. Swali la mstari mmoja limelinda malipo ya mkulima.

Uchunguzi huu una adabu zake. Kwa desturi, jina linaloanza na kistari kimoja cha chini ni la matumizi ya ndani. Kuliona kwenye orodha si ruhusa ya kulitegemea. Tena, kusoma sifa fulani huweza kuamsha hesabu iliyofichwa nyuma yake, hata kubadili kitu unachokichunguza. Kwa ajili hiyo ipo inspect.getattr_static(), inayotafuta sifa bila kuiendesha.

Nauthamini ustadi huu kwa sababu unamfunza mtu unyenyekevu. Maelezo ya kitabu yanaweza kuwa ya toleo lililopita, na kumbukumbu yetu hupenda kutetea tulichokusudia kuandika. Kitu kilichomo kwenye kompyuta hujibu kwa jinsi kilivyo sasa. Anayezoea kukiuliza kwanza hurekebisha kosa lililopo, badala ya lile alilolidhania.