Kazimoto Alishindwa na Fikra Tu?

Tunapofundisha Kichwamaji (1974), riwaya ya Euphrase Kezilahabi, tumezoea jibu moja kutoka kwa wanafunzi: mwandishi ni mdhanaishi, kwake maisha hayana maana. Wengine hutaja Sartre na Camus, kisha hufunga daftari. Usomaji huo hautoshi.

Ni kweli kwamba Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anahoji kuwepo kwa Mungu na mwishowe anajiua. Lakini tutazame yanayotangulia. Rukia, dada yake, anapewa mimba na Manase, msomi mwingine, kisha anafariki. Kazimoto naye anamwoa Sabina, dada wa Manase, na mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa, kama yule wa Manase. Kwa maoni yetu, maana ya maisha haikupotea mbinguni tu. Ilibomolewa nyumbani, kwa matendo ya wasomi wenyewe, na aliyelipa kwanza ni msichana. (Swali la mtihani juu ya Rukia bado hatujaliona!)

Tunapendekeza basi mjadala darasani uanzie kwa Rukia na Sabina, ndipo ufike kwa Sartre.