Besi ya Tom Malanga katika sebule ya mita tatu

Les Wanyika waliporekodi "Sina Makosa" jijini Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970, mzigo mzito wa wimbo ule waliubebesha gitaa la besi. Tom Malanga hapigi noti ili kujaza nafasi. Anatembea, anasimama, anaacha pengo, kisha anaingia tena pale usipomtarajia, huku gitaa la kati la Omari Shabani likizunguka juu yake bila kuchoka. Anayetaka kuijua spika ya nyumbani kwake na auweke wimbo huo, asikilize jambo moja tu: je, kila noti ya besi ina uzito sawa na mwenzake? Katika nyumba nyingi za Makadara, kuanzia Mbotela hadi Ofafa Jericho, utasikia noti moja ikivimba mpaka glasi zinatetemeka kabatini, ya pili ikimezwa, ya tatu ikikataa kunyamaza muda wake ulipokwisha. Lawama hutupiwa spika. Mwenye nyumba hushuka Luthuli Avenue kutafuta kubwa zaidi, na uvimbe unaongezeka.

Nashikilia kwamba kwa nyumba zetu spika bora ni ndogo, sanduku lake limezibwa pande zote, nayo husimama mbali na pembe. Hoja yenyewe inaanzia kwenye kuta.

Tuchukue sebule ya mita 3 kwa 3.5, dari mita 2.7, kuta za mawe ya kuchonga zilizopigwa plasta. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Wimbi ambalo nusu yake inaenea barabara baina ya kuta mbili zinazotazamana hugonga, hurudi, hujikuta likiongeza nguvu yake lenyewe, na masafa yake hupatikana kwa kugawa 343 kwa umbali huo mara mbili. Upana wa mita 3 unatoa hezi 57. Urefu wa 3.5 unatoa 49. Sakafu na dari zinatoa karibu 64. Sasa linganisha na gitaa la besi: nyuzi zake nne zikipigwa wazi hutoa hezi 41, 55, 73 na 98. Milio yote mitatu ya chumba imejazana palepale uzi wa pili unapoanzia, na noti za jirani yake zinaburutwa pamoja nayo. Uzi mnene wa hezi 41 uko chini ya yote mitatu, kwa hiyo unasikika umekonda. Sebule ikiwa mraba, mita 3 kwa 3, mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa hezi 57 inapigwa mara mbili, huku na huku.

Mawe hayanyonyi besi. Wimbi la hezi 57 lina urefu wa mita 6, na mkeka au pazia ni kama halipo mbele yake. Lakini sebule zetu zimejaa makochi yenye vitambaa, mito, mapazia mazito na mazulia, vitu ambavyo hunyonya vizuri sana sauti za kati na za juu. Matokeo ni chumba cha ajabu kidogo: juu kimekauka, chini kinavuma. Isitoshe, makochi tumeyapanga kandokando ya kuta, na ukutani ndipo shinikizo la mawimbi haya lilipo kubwa kabisa. Katikati ya chumba, mahali pa meza ya chai, milio hiyohiyo ya kwanza karibu inatoweka. Watu wawili katika sebule moja, mmoja kwenye kochi na mwingine ameketi kwenye stuli katikati, wanasikia besi mbili tofauti na wote wawili wanasema kweli.

Ndani ya chumba hicho ndimo tunamoingiza wufa. Nasema wufa kama tunavyosema mtaani, yaani seti nzima: sanduku kubwa la chini na vispika vyake viwili au vinne. Dosari yake ya kwanza haihusiani na idadi ya wati zilizoandikwa kwenye katoni. (Zile elfu nyingi za PMPO hazifuati kipimo chochote kinachokubalika, takwimu ya kutafuta ni wati za RMS.) Dosari iko kwenye mgawanyo wa kazi. Vispika vyenye koni ya inchi tatu huishiwa nguvu mahali fulani kati ya hezi 150 na 200, kwa hiyo sanduku la chini hulazimika kupanda hadi huko kuvipokea. Sauti ya mwanamume anayezungumza ina msingi wake kati ya hezi 85 na 180 hivi. Maana yake, kifua cha mwimbaji kinatoka sakafuni, pembeni, nyuma ya kochi, huku midomo yake ikiwa juu ya kabati la televisheni. Hakuna kitufe cha kuunganisha mtu aliyekatwa hivyo.

Dosari ya pili ni tundu. Sanduku lenye tundu hutumia hewa ya ndani ya bomba kupiga mlio mmoja wa chini kwa nguvu, na kwa njia hiyo spika ndogo ya bei nafuu husikika kubwa dukani. Tundu likipangiwa hezi 55 au karibu na hapo, limeangukia juu ya mlio wa chumba chetu. Chini ya mlio wa tundu, sauti huporomoka kwa desibeli 24 kila oktava. Na tunaiweka wapi? Pembeni, kwa kuwa nafasi ni ndogo. Roy Allison alilieleza jambo hili kwa vipimo mwaka 1974: kila ukuta ulio karibu na spika unaweza kuongeza besi. Sakafu na kuta mbili ni nyuso tatu. Paul Klipsch alikuwa ameifanya pembe kuwa sehemu ya spika yenyewe tangu Klipschorn ya mwaka 1946, lakini yeye aliichora spika yake kwa ajili ya pembe tangu mwanzo. Wufa ya dukani haikuchorwa hivyo.

Njia nyingine ilifunguliwa Marekani mwaka 1954. Edgar Villchur, pamoja na Henry Kloss, walitoa AR-1 kutoka kampuni yao ya Acoustic Research. Kabla yake, besi ya kweli ilidai sanduku la ukubwa wa kabati la nguo. Villchur aliilegeza mishikio ya koni kupita desturi ya wakati ule, akaiweka ndani ya sanduku dogo lililozibwa kabisa, na hewa iliyofungiwa humo ikawa springi ya kuirudisha koni mahali pake. Springi ya hewa hunyooka kwa usawa zaidi kuliko ya kitambaa, kwa hiyo besi haikuwa ya chini tu, ilikuwa safi pia. Kwetu faida kubwa ni nyingine, na naipenda kuliko zote: sanduku lililozibwa huporomoka taratibu, desibeli 12 kwa oktava. Chumba kidogo chenye kuta ngumu nacho, chini ya mlio wake wa chini kabisa, huacha kufanya mawimbi na kuanza kujazwa hewa chote kwa pamoja, hivyo besi huongezeka kadiri unavyoshuka. Kinadharia ongezeko hilo hukaribia desibeli 12 hizohizo. Madirisha, milango na paa zetu hupoteza sehemu yake, lakini sehemu inayobaki inatosha kuinyanyua ile hezi 41 iliyokonda. Mporomoko wa sanduku na mwinuko wa chumba vinakutana. Sebule ndogo, ambayo wengi huiona kikwazo, hapo inafanya kazi kwa ajili yako bure.

Spika iliyonishawishi kuwa udogo si upungufu ilizaliwa kwa shida inayofanana sana na yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walihitaji spika ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, mahali pembamba pasipo na nafasi ya spika za studio. Walichukua kisanduku kilichokuwa kimetengenezwa kwa majaribio ya mifano midogo ya studio, wakakigeuza kuwa LS3/5A. Ripoti yake, iliyoandikwa na Harwood, Whatton na Mills, ilitoka mwaka 1976. Ujazo wake ni kama lita 5. Imezibwa. Koni ilikuwa KEF B110, twita ikawa KEF T27 iliyozungushiwa feliti ili sauti isigonge kingo za sanduku na kurudi imechafuka. Mbao zake ni plaiwudi ya milimita 12 tu, zikabandikwa ndani pedi nzito za kunyonya mtetemo. Fundi wetu wa kawaida angecheka wembamba huo. Amezoea kwamba sanduku zuri ni lile zito. Falsafa ya BBC ilikuwa kwamba ubao mwembamba uliotulizwa hupeleka mtetemo wake chini, mbali na masafa ambayo sikio hutumia kumtambua mtu kwa sauti yake, na huko chini pedi huuzima. Walipima kwa sauti ya binadamu: mtu akizungumza chumbani, kisha sauti yake hiyohiyo kupitia spika. Sikio haliwezi kudanganywa kirahisi kuhusu mtu linayemfahamu.

LS3/5A haipigi kelele. Kwa wati 1 inatoa desibeli 83 hivi kwenye umbali wa mita 1. Katika ukumbi wa harusi ni ya kuaibisha. Katika sebule yetu msikilizaji yuko mita 2 kutoka hapo, na wati 25 zinaongeza desibeli 14. Inatosha, na jirani wa ukuta wa pili analala. Katika mtaa ambao nyumba zinashirikiana kuta, na ambako kanuni za mwaka 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinabana kelele za usiku kuliko za mchana, hilo nalihesabu kuwa sehemu ya ubora wa spika.

Si lazima ununue ya Uingereza. Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, kisha Richard Small mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliacha hesabu zinazomwezesha seremala yeyote kujua sanduku litalia vipi kabla ya kukata ubao. Unahitaji namba tatu zilizo kwenye karatasi ya koni. Chukua mfano wa koni ya inchi sita na nusu yenye mlio wa asili wa hezi 45, Vas ya lita 20 na Qts ya 0.4. Gawa Vas kwa ujazo wa sanduku, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili. Kwa sanduku la lita 10 unapata 1.73. Zidisha namba hiyo kwa 45: mlio mpya ni hezi 78. Zidisha kwa 0.4: Q ya mfumo ni 0.69, karibu kabisa na 0.7 ambapo besi huwa tambarare bila kuvimba. Koni isiyokuja na namba hizi usiinunue, hata ukiambiwa ina sumaku ya kilo ngapi.

Seremala anayejua kuunga droo za kabati ana ujuzi wote unaohitajika, kwa sababu jambo la kufa na kupona ni kutovuja. Plaiwudi ya Gikomba inafaa, gundi ipite kila kiungo, kisha silikoni kwa ndani. Ukimaliza, bonyeza koni polepole kwa vidole na uiachie: ikirudi taratibu, sanduku limeshika hewa, ikiruka papo hapo, kuna mwanya. Jaza ndani nyuzi za poliesta zile za kujazia mito, bila kushindilia. Nyuzi hizo huifanya koni ihisi kama sanduku limepanuka, kinadharia hadi asilimia 40, ingawa kwa kawaida hupati yote. Kuhusu waya, ule wa umeme wa milimita mraba 2.5 unatosha kabisa. Kwa mita 3 kwenda na kurudi ukinzani wake haufiki hata sehemu moja ya kumi ya omu, na spika yenyewe ni omu 8. Fedha hiyo ipeleke kwenye twita.

Twita inastahili fedha hiyo kwa sababu ya kile Floyd Toole alichokithibitisha katika baraza la utafiti la taifa la Kanada: wasikilizaji wasioona wanachosikiliza huelekea kukubaliana, na huchagua spika iliyo tambarare mbele na inayofifia kwa ulaini kuelekea pembeni. Sauti ya pembeni ndiyo inayogonga kuta. Katika chumba cha upana wa mita 3 inakufikia karibu pamoja na ile ya mbele, kwa hiyo ikiwa na mabonde na vilima utavisikia.

Ziweke juu ya stendi, twita ikilingana na masikio ya aliyeketi, nusu mita kutoka ukuta wa nyuma kama nafasi inaruhusu. Vuta kochi kidogo kutoka ukutani. Hata sentimita 40 hubadilisha hezi 57. Na mlango wa kwenda koridoni uache wazi, pazia likining'inia. Besi inatoka nje kupitia pazia kana kwamba halipo, na mlio wa chumba unapungua kuliko unavyoweza kupunguzwa na zulia lolote.

Kwa santuri za zamani kuna hatua moja zaidi. Santuri nyingi za miaka ya 1960, zikiwemo zile za studio ya Equator ambako Fadhili William na Daudi Kabaka walirekodi, ni za mono. Mono ikitoka kwenye spika mbili hukufikia mara mbili kwa nyakati zinazotofautiana kidogo kila unapogeuza kichwa, na baadhi ya masafa hufutana. Zima moja. Sogeza iliyobaki iwe mbele yako, kisha weka wimbo wa mtu ambaye sauti yake umeijua tangu utotoni. Ukiona inabidi uongeze besi kwenye ampu ili aonekane mtu mzima, rudi kwenye sanduku ukakague viungo kabla ya kugusa kitu kingine.