Daftari la Mnasihi

Hospitali ya Mirembe jijini Dodoma imekuwa ikihudumia wagonjwa wa akili tangu 1927, na kwa miaka mingi jina lake limegeuzwa tusi: mtu akibadilika kidogo, jirani husema apelekwe Mirembe. Anayejifunza unasihi Dodoma leo amelisikia tusi hilo tangu utotoni, na huenda amelitamka. Anaweza kufaulu somo la sonona kwa alama za juu, kisha siku ya kwanza ya mazoezi akakivuta kiti chake nyuma mbele ya mgonjwa bila kujijua. Nadharia haimfikii hapo. Kinachomfikia ni kujitafakari kwa maandishi, ufundi unaostahili sifa nyingi kuliko zinazotolewa kwa vyeti. Baada ya mazungumzo, mwanafunzi huugawa ukurasa kwa mstari: kushoto huandika aliyoyasikia, bila jina la mteja; kulia, yaliyompata yeye mwenyewe. Kwa mfano, kulia anaandika: “Mama alipotaja talaka, nilimkatiza nikamwambia avumilie.” Haraka ile ilitoka wapi? Akilichimba swali hilo pamoja na msimamizi wake, huenda akakuta kwamba aliyesema “vumilia” ni shangazi aliyemlea. Msomi Donald Schön, katika kitabu alichotoa 1983, alionyesha jinsi wataalamu, wakiwemo wasanifu majengo na wa tiba ya saikolojia, wanavyojifunza kwa kuitafakari kazi wakiwa ndani yake na baada ya kuimaliza.

Wapo watakaosema wazee wa Kigogo wamesuluhisha ndoa na mirathi bila daftari lolote. Ni kweli, na hekima yao naiheshimu. Lakini mzee anajulikana: anayemwendea anaujua ukoo wake na msimamo wake, na neno lake hulipima kwa kujua hayo. Mnasihi ni mgeni. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, mteja wake anaweza kuwa mtumishi aliyetoka Bukoba au mfugaji wa Kondoa, asiye na njia ya kujua mshauri huyu anaegemea wapi. Mzigo wa kujua hilo unabaki kwa mshauri.

Pingamizi zito zaidi ni la alama. Daftari likisahihishwa kama mtihani, mwanafunzi ataandika toba ya kumfurahisha mkufunzi, na tabia ya kujificha ndiyo atakayohitimu nayo. Hilo silipingi hata kidogo. Wakufunzi, ondoeni alama kwenye daftari hilo, na muda wa kusahihisha mpeni mwanafunzi akae na msimamizi anayejua kusikiliza.