Pumzi Katikati ya Zaburi

Mgeni anayesali zaburi kwa mara ya kwanza katika monasteri ya Kibenediktini hujulikana mapema, kwa kuwa ghafla sauti yake husikika peke yake. Mstari wa zaburi umegawanyika sehemu mbili na katikati pana kituo. Wenyeji hunyamaza hapo kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Mgeni aliyezoea kusoma mfululizo hupitiliza, na neno lake hubaki likielea bila mwenzake. Hakuna anayemgeukia. Upande wa pili huupokea mstari unaofuata, sala ikaendelea, na baada ya siku mbili tatu naye huanza kuihisi ile pumzi kabla haijafika.

Fundi wa jahazi ana tezo na keekee. Mshonaji ana mkasi na futikamba. Wanaosali pamoja wana sikio. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni yake kule Monte Cassino, Italia, katika karne ya 6, aliianza kwa kumwamuru msomaji asikilize. Katika sura ya 4 akaorodhesha zaidi ya zana 70 za matendo mema, mithili ya fundi mkuu anayemfungulia mwanagenzi sanduku la vifaa, kisha akaitaja karakana yenyewe: ni ua wa monasteri, na kudumu humo pamoja na wenzako.

Wanawake wawili wanapotwanga kinu kimoja, mchi wa mmoja hushuka wakati wa mwenzake unapopanda. Hakuna anayehesabu. Wakiacha kusikilizana, michi hugongana na mtama humwagika. Zaburi za kupokezana hutwangwa vivyo hivyo. Kila mtu huishusha sauti yake hadi amsikie wa kulia na wa kushoto. Aliyejaliwa sauti nzuri hujizuia, na asiyejiamini hubebwa na wenzake. Benedikto alitaka zaburi zote 150 ziishe kila wiki, na monasteri nyingi za leo zimerefusha mzunguko huo. Hata hivyo, kazi ni ileile asubuhi, adhuhuri na jioni, siku ya furaha na siku ya mafua.

Ufundi huu hupimwa hasa pale wanaosimama pamoja wanapokuwa wamelelewa katika Makanisa tofauti. Mahali pamoja pa kuutazama ni Holy Wisdom, monasteri ya wanawake iliyoko Middleton, upande wa kaskazini wa Ziwa Mendota, karibu na jiji la Madison katika jimbo la Wisconsin, Marekani.

Masista Wabenediktini waliletwa Madison mwaka 1953 kutoka Sioux City, Iowa, kwa kazi ambayo msomaji wa Songea au Masasi anaifahamu vizuri: kuanzisha shule ya sekondari ya wasichana. Shule haikudumu. Ilifungwa mwaka 1966, na masista wakabaki na majengo, ardhi na swali la kuyafanyia nini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umemalizika mwaka mmoja kabla, na Kanisa Katoliki lilikuwa limeanza kuzungumza na Wakristo wengine kwa sauti mpya. Masista wakaigeuza shule kuwa nyumba ya mafungo, wakaufungua mlango kwa Walutheri, Wapresbiteri, Waanglikana, na yeyote mwingine aliyetaka kusali.

Wageni wa mwisho wa wiki ni jambo moja. Kugawana nao nyumba maisha yote ni jambo jingine kabisa. Kwa miaka mingi Waprotestanti walikuja, wakasali, wakala, wakarudi makwao. Kisha mwishoni mwa miaka ya 1990 mchungaji mmoja wa Kipresbiteri, mwanamke, akaomba kubaki. Hakuomba kuwa Mkatoliki. Aliomba kuwa Mbenediktini.

Ombi hilo linaweza kushangaza, lakini tarehe zinalitetea. Benedikto alifariki yapata mwaka 547, karne tano kabla ya Mashariki na Magharibi kutengana mwaka 1054, na karibu miaka elfu moja kabla ya Martin Luther. Kanuni yake ya sura 73 ni urithi wa kabla ya ugomvi, kama shamba la babu ambalo wajukuu waliogombana bado wanalivuna. Wengine walishalivuna zamani. Mwaka 1549 Thomas Cranmer, askofu mkuu wa Canterbury, alizikusanya sala za vipindi vya watawa akazifanya mbili, ya asubuhi na ya jioni, na Waanglikana wakazibeba hadi Mkunazini, Unguja. Wako Wabenediktini Waanglikana, wanawake, huko West Malling, Uingereza. Na juu ya kilima cha Schwanberg, Ujerumani, masista wa Kilutheri wanaishi kwa kuifuata Kanuni hiyohiyo. Aliyekulia Moshi, ambako masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema ni majirani, hatashtuka sana.

Hata kitabu chenyewe cha zaburi kina kovu la mgawanyiko, dogo lakini la kufundisha. Zaburi ya mchungaji ni ya 23 kwa anayehesabu kama Wayahudi na Waprotestanti, na ni ya 22 kwa anayefuata hesabu ya zamani ya Kigiriki na Kilatini. Ndiyo maana vitabu vingi vya sala huandika namba mbili. Anayetangaza zaburi mbele ya watu mchanganyiko hujifunza haraka kuzitaja zote mbili, au kungoja kidogo hadi kurasa zinyamaze.

Gharama haikuwa ndogo. Ili mwanamke asiye Mkatoliki aweze kuwa mwanajumuiya kamili, jumuiya yenyewe ilibidi ibadilike. Masista wawili, Mary David Walgenbach na Joanne Kollasch, ndio waliofika mwisho wa njia hiyo. Mwaka 2006 monasteri iliacha kuwa shirika la kitawa chini ya sheria za Kanisa Katoliki, ikawa jumuiya ya kiekumene ya wanawake Wakristo. Wanawake waliokwisha kuishi miongo ya maisha chini ya utaratibu mmoja waliachilia hadhi waliyoiwekea nadhiri wakiwa wasichana, ili mtu mwingine aweze kuketi mezani bila kuacha mahali alikotoka. Kuna Wakatoliki wema waliohuzunika, na huzuni yao haistahili kubezwa: Kanisa Katoliki linaiona Komunyo kuwa alama ya umoja uliokamilika, na umoja huo bado. Pale Holy Wisdom, ibada ya Jumapili humkaribisha mezani kila anayekuja. Tofauti hiyo ni ya kweli. Masista hawakuificha, waliichagua mchana kweupe, na ujasiri wa namna hiyo unastahili heshima hata kwa asiyekubaliana nao.

Ibada hiyo ya Jumapili inatengenezwa na mikono mingi. Wanaohubiri hupokezana, waliopewa daraja na walei, wanawake kwa wanaume, kutoka mapokeo mbalimbali. Lugha ya sala huchujwa ili wanawake wasisikie kwamba wanazungumziwa juu ya vichwa vyao. Wiki ikianza, umati huondoka na kubaki kundi dogo la masista, wafanyakazi, wageni na oblati, yaani watu wa kawaida walioahidi kuishi roho ya Kanuni huko kwenye ndoa na kazi zao. Wapo pia wanawake wanaokuja kukaa miezi kadhaa, kuonja maisha haya bila ahadi ya kudumu.

Hapo ndipo sikio lililonolewa kwa zaburi hupata kazi yake ngumu zaidi. Sura ya 3 ya Kanuni inaagiza kwamba likitokea jambo zito jumuiya nzima iitwe kushauriana, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo lililo bora. Kwa nyumba yenye watu wa mapokeo tofauti, agizo hilo ni mtaji. Mpresbiteri amekuja na mazoea ya mabaraza ya wazee. Mkatoliki amekuja na mazoea ya utii. Kila mmoja ana namna yake ya kunyamaza, na namna yake ya kukasirika. Lazima mmoja amalize kusema. Lazima wa pili angoje pumzi ile ya katikati kabla ya kujibu. Waliofanya hivyo mara tatu kwa siku mbele ya zaburi wana nafuu kidogo wanapojadili bajeti.

Na wamejadili makubwa. Jengo la zamani la shule lilikuwa kubwa mno na lilimeza joto. Badala yake walijenga jipya, dogo kwa karibu nusu, lililokamilika mwaka 2009. Zaidi ya asilimia 99 ya vifaa vya lile la zamani vilitumika tena au kurejelezwa, na jipya likapata pointi 63 kati ya 69 katika kipimo cha Marekani cha majengo yanayotunza mazingira. Sura ya 31 ya Kanuni inamtaka mtunza ghala avitazame vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Masista wakavichukulia hivyo mbao, matofali na misumari.

Ardhi nayo ikasikilizwa. Monasteri ina zaidi ya ekari 130, na sehemu kubwa ilikuwa mashamba ambayo udongo wake ulichukuliwa na mvua na kukijaza kiziwa cha kale kilichoachwa na barafu. Mwaka 1996 walichimba na kuondoa tope lenye ujazo wa yadi za ujazo 85,000, maji yakarudi. Kuzunguka hapo wamerudisha nyasi ndefu za asili zilizokuwa zimelimwa na kusahaulika. Nyasi hizo huzamisha mizizi kwanza, miaka miwili mitatu, kabla hazijaonyesha kitu juu. Na huhitaji kuchomwa moto kwa mpango ili vichaka visizisonge. Wanaojitolea huja kukusanya mbegu kwa mikono msimu wa majani kupukutika: Walutheri, Wakatoliki, na wasio na dini yoyote. Wakiwa wameinama kwenye nyasi zinazowapita kimo, hakuna wa kutambua nani ni nani.

Adhuhuri kengele huwaita ndani. Zaburi husaliwa, kituo kikashikwa, kisha watu huelekea mezani. Sura ya 53 inataka kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na sura ya 35 haimwachii mtu kukwepa zamu ya jikoni isipokuwa kwa ugonjwa au kazi ya lazima. Kanuni hizo mbili hukutana baada ya chakula, mbele ya karo. Mgeni aliyeipita pumzi asubuhi hupewa kitambaa na kuonyeshwa kabati la vikombe. Anayeosha humwachia nafasi upande wake wa kushoto. Sahani ya kwanza inakuja, bado ya moto, na wa pili anaipokea.