Kitabu cha GIMP Kimetua Korogwe, Turubai la Bluu Limepata Dawa

Jamani, wapiga picha wa Korogwe na Handeni, wekeni kamera chini kwanza! Kitabu kiko hapa mezani, kurasa zaidi ya 600, sijafika hata nusu, na siwezi kungoja nikimalize ndipo niseme. Kinaitwa The Book of GIMP, kinafundisha GIMP, programu ya kuhariri picha, ni cha Olivier Lecarme na Karine Delvare, na kimechapwa na No Starch Press mwaka 2013. Ndiyo, 2013! Msikikimbie kwa ajili ya umri, hilo nitalifikia.

Nilikitafuta kwa sababu moja tu: turubai. Sherehe zetu zote ziko chini ya turubai. Sendofu ya Chanika pale Handeni, kipaimara cha Manundu, mahafali, yote hayo jua la saa saba linayapitia kwenye turubai la bluu, na kila uso unatoka kama umepakwa wino. Shela ya bibi harusi bluu, wali kwenye sahani bluu, meno ya shangazi bluu! Na nje, hatua mbili tu, watoto wamesimama kwenye udongo mwekundu na rangi zao halisi kabisa. Ukiisahihisha picha nzima, walio ndani wanapona na walio nje wanageuka machungwa. Mafundi wengi hapo hukata tamaa, wanaifanya picha kuwa nyeusi na nyeupe na kumwambia mteja ndiyo mtindo wa kisasa.

Basi nikafungua sehemu ya kurekebisha picha huku sendofu yangu mwenyewe ikiwa kwenye skrini. Kuna dirisha la viwango vya mwanga lenye vibomba vitatu vya kuonjea rangi: cha weusi, cha kijivu na cha weupe. Unachukua kile cha kijivu, unatafuta kitu unachojua kwa hakika kwamba hakina rangi, unabofya. Sasa niambieni, ni sherehe gani mkoa wa Tanga isiyo na kiti cheupe cha plastiki? Nikabofya mguu wa kiti kilichokuwa kivulini (kivulini, siyo pale kinapong'aa) na bluu yote ikaondoka! Yote! Nilipiga kelele mpaka wa steshenari ya jirani akaja kuuliza kuna nini.

Na wale watoto wa nje? Hapo ndipo kitabu kilipoiteka roho yangu. Kinakufundisha leya na maski mapema, na kinakueleza zinafanyaje kazi badala ya kukupa orodha ya vitufe vya kubonyeza. Unanakili leya, unasahihisha nakala ya juu, unaitia maski, kisha unapaka rangi nyeusi kwenye maski pale unapotaka picha ya chini ionekane. Nikapaka juu ya watoto, na udongo wa Handeni ukarudi kuwa udongo wa Handeni. Ukilielewa hilo, kesho litakusaidia kwenye anga lililopauka juu ya milima ya Usambara na keshokutwa kwenye suti nyeusi iliyopoteza vifungo gizani.

Ndiyo maana nasema: mkichagua kitabu, msikipime kwa jalada wala kwa idadi ya mbinu zilizotangazwa nyuma yake. Nendeni na picha yenu mbaya kuliko zote, kaeni na sura moja, muone kama itatoka salama. Na nakala ya fotokopi nyeusi na nyeupe msiikubali hata kwa bure. Somo la rangi bila rangi ni nini?

Washindani wapo, tena wazuri. Classroom in a Book, ya Adobe wenyewe, wenye Photoshop, imepangwa vizuri mno, somo baada ya somo, na kila toleo jipya la Photoshop lina kitabu chake. Ila mafaili ya mazoezi unayapakua mtandaoni, kwa hiyo uwe na bando la maana. Mwandishi Scott Kelby, kwenye vitabu vyake, ana utani mwingi na anakupa namba za kujaza moja kwa moja. Mtu wa harusi mwenye haraka atampenda. Lakini vitabu vyote hivyo vinataka uwe na Photoshop, na tangu 2013 Adobe walipohamia kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka, Photoshop mpya si ya kununua mara moja ukasahau. Ndiyo sababu studio nyingi bado zina toleo la CS6, la 2012, na wenyewe hawapendi kuulizwa waliipataje. GIMP ni bure, halali kabisa. Vijana wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, waliianza 1995. Unaibeba kwenye fleshi kutoka Korogwe hadi Handeni na kumwekea mwenzako bila kuvunja sheria ya mtu.

Sasa umri wa kitabu. Kiliandikwa kwa ajili ya GIMP 2.8, na Machi 2025 ilitoka 3.0. Vitu vimehama! Zamani ukibandika kipande cha picha kilikuwa kinaelea mpaka ukitulize, siku hizi kinakuwa leya kamili. Vichujio sasa unaweza kuvirudia na kuvibadilisha baadaye, jambo ambalo kitabu hakilijui. Mgeni kabisa atababaika na baadhi ya menyu. Lakini viwango, maski, muhuri wa kunakili na kile kifaa cha kufuta chunusi vinafanya kazi kwa akili ileile. Ukikwama, mwongozo rasmi wa GIMP unapakuliwa bure. Na umeme ukikatika, kitabu cha karatasi hakizimiki.

Kwa wenye steshenari: ile sehemu ya pili, ya marejeo, msiiruke! Ukishaelewa piseli na ukubwa wa kuchapia, pasipoti saizi inakuwa hesabu ya kitoto. Milimita 35 kwa 45, kwa piseli 300 kila inchi, ni piseli 413 kwa 531, na karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inakula nane. Unaunda karatasi hiyo mara moja na bakigraundi yake ya bluu, halafu msimu wa wanafunzi kuripoti shuleni foleni inakwenda mbio.

Kasoro inayonikera si ya kitabu hiki peke yake. Vitabu vya aina hii vimezoea kufundishia ngozi nyeupe. Tabia hiyo ni ya zamani: Kodak walikuwa wakipima rangi za maabara kwa kadi ya picha ya mwanamke mweupe, zile kadi za Shirley. Namba za ngozi zilizopimwa kwa mtu wa Ulaya usimjazie bibi harusi wa Kizigua. Atatoka wa kijivu, na mama yake hatakulipa. Fuata njia ya kiti, halafu weupe wa shela uamue mwanga uishie wapi.

Kasoro nyingine ni Kiingereza, tena kirefu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Basi kitabu cha kuhariri picha kwa Kiswahili, chenye turubai, vumbi jekundu na viti vya plastiki, kinashindikana vipi? Anayeweza kukiandika aanze leo, nami nakala yangu nailipia kabla hakijachapwa!