Barua, Vitabu na Nyama ya Kopo

Nilitazama 84 Charing Cross Road hapa Umoja, jirani amefungulia redio hadi kuta zinatetemeka, na bado sikupitwa na neno. Filamu ni ya 1987. Helene Hanff wa New York, anayeigizwa na Anne Bancroft, anaandikia duka la vitabu vikuukuu London mwaka 1949. Frank Doel, yaani Anthony Hopkins, anamjibu. Basi, miaka karibu 20 wanaandikiana na hawaonani kamwe.

Wenye haraka watasema hakuna kinachotokea. Kwani? Uingereza chakula bado ni cha mgao, Helene anatuma nyama na mayai, wafanyakazi wa duka wanagawana. Mzigo huo Eastlands tunaujua: gunia la ushago likishuka Machakos Country Bus, ploti nzima inaonja. Kwangu urafiki ulikolea hapo, vitabu vilifungua tu mlango.

Mwongozaji David Jones anawafanya waongee na kamera. Kwa Helene inakubali, mdomo wake hauna breki. Hopkins nilimpenda zaidi akiwa kimya, anafunga vitabu kwa karatasi.

Kilichoniuma ni safari. Helene anaahirisha, meno yamekula akiba. Frank anafariki 1968. Anapofika, duka ni tupu.

Nina rafiki Kisumu, tunatumiana riwaya kwa basi. Nauli ya kwenda kumwona imekuwa “mwezi ujao” miaka sita sasa. Sikumwambia nimetazama nini. Nilimuuliza tu kama Jumamosi atakuwepo.